Uzi (mjadala) wa kufunga darubini kwenye raifo: msalaba wa ndani ya kioo unyooshwe na nini, pima maji au timazi?

Hombolo Juu (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Julai, mwanzo wa msimu wa kuwinda, haiko mbali na maswali ya kufunga darubini yameanza kurudi, kila mtu na kipande chake. Naomba tuyamalize hapa kwenye uzi mmoja.

Chombo: raifo ya CZ 550, ya risasi za .30-06. Darubini ya kukuza mara 3 hadi 9, kioo cha mbele mm 40, mrija wa mm 25.4, pete mbili za chuma. Kliki moja ni robo ya MOA (kipimo cha pembe, MOA 1 ni kama sm 2.9 kwa mita 100).

Dalili: mita 100 ziro (risasi kugonga pale msalaba ulipolenga) imekaa vizuri. Ukipandisha tareti ya juu (kitufe cha kuzungusha kinachohamisha mahali risasi inapogonga) ili upige mbali, risasi inapanda kama inavyotakiwa, ila inakwenda na kulia. Ukirudisha tareti chini, nayo inarudi katikati. Upepo hakuna, ni asubuhi. Wakati wa kufunga, pima maji iliwekwa juu ya kofia ya tareti na povu likakaa katikati kabisa.

Maswali: pima maji juu ya kofia inatosha? Skrubu zikazwe kiasi gani? Na ile gundi ya nati ya bluu inaingia wapi na haiingii wapi?

---

Jiliwa

Kabla ya spana yoyote: magazini nje, bolti (chuma cha kuvuta kinachofunga chemba) nyuma, chungulia chemba (ya bunduki, sio wilaya), kisha ingiza kidole ndani kwa sababu macho hudanganya. Halafu toa bolti kabisa uiweke mbali. Risasi zote zihamie chumba kingine. Kazi hii inakutaka uelekeze mtutu ukutani nusu saa nzima na uchungulie ndani yake, kwa hiyo hakuna mjadala hapo.

Sasa dalili yako. Ziro ni sawa, ukipandisha inakwenda pembeni, ukishusha inarudi. Hiyo sio pete iliyolegea. Iliyolegea haina adabu, leo kulia kesho kushoto. Yako ina utaratibu, na utaratibu huo ni wa mhimili uliolala. Darubini imezunguka ndani ya pete kuelekea kulia ukiitazama kwa nyuma. Tareti inapandisha risasi kwa kufuata "juu" ya darubini, haijui juu ya mbingu ni wapi. Juu ya darubini ikilalia kulia, risasi nayo itapanda kwa kulalia kulia.

Hesabu yake ni nyepesi. Chukua kiasi ulichopandisha, zidisha kwa sine ya pembe iliyolala. Digrii 1 ni 0.017, digrii 3 ni 0.052, digrii 5 ni 0.087. Ukipandisha kliki 40, yaani MOA 10, mita 100 risasi inapanda sm 29. Darubini ikilala digrii 3, inakwenda pembeni sm 1.5. Kwa mita 300 MOA 10 hizo hizo ni sm 87, na pembeni ni sm 4.5 na ushee.

Kwa hiyo chukua karatasi, pima ni sm ngapi kulia kwa sm ngapi juu, utuletee namba.

---

Mtama wa Bahi

Mkuu Jiliwa nakubali hesabu, ila tusiwatie watu hofu. Raifo nyingi za huku kati, kuanzia Bahi mpaka Manyoni, hazipigwi zaidi ya mita 150, tena kichakani, na tareti haiguswi ikishawekwa ziro. Hapo digrii 1 au 2 hauioni hata ukiwa na rula. Pima maji inatosha, watu wawahi kazini.

---

Jiliwa

> Mtama wa Bahi amesema: digrii 1 au 2 hauioni hata ukiwa na rula

Kwa asiyegusa tareti, ni kweli. Ila mwenye uzi anagusa tareti, ndiyo maana ameiona. Na kuna jambo la pili: msalaba uliolala unamsumbua mpigaji mwenyewe. Jicho likiona mstari umelala, mkono unaupindisha mtutu bila kuambiwa ili mstari usimame. Kila risasi anaipindisha kwa kiasi chake. Hapo ndipo kundi linapotawanyika na mtu anaanza kulaumu risasi.

---

Chikuyu

Swali la pima maji linahitaji kuvuliwa nguo kidogo.

Ukiiweka pima maji juu ya kofia ya tareti, umepima kofia, basi. Kofia nyingi zina mbinuko katikati au zinafungwa kwa hesi, na hesi haimalizikii lazima pale pale. Kati ya kofia na msalaba ulio ndani kuna viungo vitatu au vinne, kila kimoja na nafasi yake ya kucheza. Unachotaka kinyooke ni uzi ule mweusi ndani ya kioo, na uzi huo huwezi kuuwekea pima maji. Unaweza kuulinganisha tu na uzi mwingine ulionyooka, ambao ni timazi.

Dodoma hii ya ujenzi, kuanzia Mtumba mpaka Nzuguni, mtu hawezi kusema amekosa timazi. Muombe mwashi yeyote.

Tena pima maji yenyewe ipimwe kwanza. Iweke juu ya kioo au meza, soma povu, igeuze kichwa kiwe mkia pale pale, soma tena. Povu likihamia upande mwingine, pima maji ni mbovu. Zile ndogo za plastiki za kuning'iniza kwenye uzi wa mwashi, nyingi hazipiti mtihani huu.

---

Ilazo2

Nauliza kama mgeni: timazi inafungwa wapi, umbali gani? Na Agosti huku upepo haulali, uzi si utabembea tu?

---

Chikuyu

Bembea inaondolewa kwa ndoo. Funga jiwe au nati kubwa ya lori chini ya uzi, izamishe kwenye ndoo ya maji bila kugusa ukingo wala kitako cha ndoo. Maji yanaumeza mtikisiko, baada ya dakika moja uzi umetulia. Mafuta machafu ya injini yanatuliza haraka zaidi kwa kuwa ni mazito, ila maji yanatosha. Fanya kazi kati ya saa 12 na nusu na saa 3 asubuhi. Baada ya hapo ardhi inaanza kutoa mvuke wa joto, na mstari uliokuwa umenyooka unacheza kama moshi hata kama upepo hakuna.

Umbali unategemea darubini. Zile zenye gurudumu la paralaksi (la kurekebisha umbali ambao picha na msalaba vinakaa pamoja) unazirekebisha, mita 25 au 30 inatosha, uzi wa mwashi wa nailoni wa rangi ya chungwa juu ya ukuta mweupe. Zile za kawaida kama ya mwenye uzi zimewekwa paralaksi mita 100 au karibu na hapo kiwandani, na mita 25 ukiweka ukuzaji wa 9 utaona ukungu. Shusha ukuzaji mpaka 4 au 5 picha itulie, au sogeza timazi mita 50 na badala ya uzi tumia kamba nyeupe nene kidogo mbele ya kitu cheusi.

Uzi mnene kidogo kuliko mstari wa msalaba ni mzuri, kwa sababu unaona ukingo mwembamba wa uzi pande zote mbili za mstari na jicho linajua mara moja kama ukingo wa juu na wa chini unalingana. Uzi mwembamba kuliko msalaba unafunikwa na msalaba na unabaki kubahatisha.

---

Jiliwa

Naongeza kwa Chikuyu mtihani mmoja ambao watu wanauruka, na hauli hata risasi moja. Ufanye kabla hujafunga kitu cha kudumu.

Bunduki ikiwa kwenye jiliwa (vaisi kwa lugha ya gereji, meno yafungwe ngozi au mpira wa tyubu), lenga timazi mpaka mstari wa wima wa msalaba ulale juu ya uzi wote, juu mpaka chini. Bila kugusa bunduki, zungusha tareti ya juu kliki 40 huku ukichungulia. Kitovu cha msalaba kitateremka. Kikiteremka juu ya uzi mwanzo mwisho, darubini ni nzima. Kikiuacha uzi na kwenda pembeni huku mstari wenyewe bado uko sambamba na uzi, basi msalaba uliwekwa kiwandani bila kulingana na mitambo ya tareti. Hilo haliponi kwa pete wala pima maji. Irudishe ulikoinunua, na usikubali kuambiwa "itakaa sawa ikizoea".

Kama dukani hawakubali kuipokea tena darubini hiyo na wewe unapandisha tareti kila unapopiga, fuata mhimili wa tareti uwe wima, uvumilie mstari ulalie kidogo. Kama unalenga kwa alama za kwenye msalaba, fuata mstari. Lakini darubini nzima haikulazimishi kuchagua.

---

Mlowa Barabarani

Naomba mtu aeleze kinachonyooshwa na bunduki yenyewe. Wengine wanasema msalaba ulingane na risiva (chuma cha bunduki kinachobeba bolti), wengine na ardhi. Ni vitu viwili.

---

Jiliwa

Ni vitu viwili, na uzito wao haufanani hata kidogo.

Cha kwanza ni msalaba kuwa wima kwa mujibu wa timazi wakati risasi inatoka. Hiki ndicho kikubwa, maana mvuto wa dunia unaivuta risasi chini kwa timazi, haujali bunduki umeishikaje.

Cha pili ni mtutu kuwa moja kwa moja chini ya mstari wa msalaba. Tuseme kitovu cha darubini kiko mm 45 juu ya kitovu cha mtutu, na darubini imezunguka digrii 3 kwenye pete lakini wewe unashika bunduki hivi kwamba msalaba uko wima. Mtutu unakuwa pembeni mm 2.4 tu. Ukiweka ziro mita 100, mita 200 risasi itakuwa upande wa pili kwa mm 2.4 hizo hizo. Hakuna mnyama wala karatasi atakayelalamika.

Kwa hiyo usiumize kichwa kutafuta usawa wa risiva wa kitaalamu. Ulinganishe na bunduki kiasi cha kwamba ukiibeba begani kwa kawaida yako, msalaba unakuja wenyewe umesimama. Baada ya hapo, timazi ndiyo hakimu. Anayepiga mbali afunge pima maji kapovu kwenye mrija, na kapovu hako kakazwe wakati msalaba uko juu ya timazi. Usikalinganishe na reli.

Tatizo la mwenye uzi, nadhani, limezaliwa hapo katikati: anashika bunduki ikiwa sawa, risiva iko sawa, lakini msalaba umelala na hauangalii.

---

Mtama wa Bahi

Hapo umenifunga mdomo, mkuu. Endelea na kukaza, maana ndiko mirija inakofia.

---

Fila Geji

Kukaza niachieni mimi.

Kwanza usafi. Vumbi la Dodoma ni laini kama unga wa mtama na linapenda mafuta. Hesi za skrubu, ndani ya pete na chini ya besi (kipande kinachofungwa juu ya risiva ili kibebe pete) zifutwe kwa spiriti au dawa ya kusafishia kabureta, zikauke kabisa. Chembe moja ya mchanga kati ya pete na reli inaiinua pete upande mmoja, halafu baada ya risasi kumi inasagika, pete inashuka na ziro inakwenda nayo.

CZ 550 haihitaji besi. Juu ya risiva kuna reli za kuchongwa upana wa mm 19, kingo zimelalia ndani, na pete zake zinang'ata hapo moja kwa moja. Usichanganye na zile za mm 11 za .22 na bunduki za upepo, hazikai. Kwa bunduki zenye reli ya Picatinny (reli ya meno meno), nafasi za meno ni mm 10 kutoka kitovu hadi kitovu. Unapoweka pete, isukume mbele mpaka mhimili wake (chuma kinachovuka chini ya pete) uguse ukuta wa mbele wa nafasi iliyo kati ya meno, ndipo ukaze. Sababu: bunduki ikipiga teke inarudi nyuma, darubini kwa uzito wake inataka kubaki, kwa hiyo kwa macho ya bunduki darubini inakimbia mbele. Ukiacha nafasi mbele ya mhimili, itaitafuta yenyewe.

Toki (nguvu ya kukaza), kama kiwanda cha pete hakijasema vingine (kikisema, kisikilize):

Skrubu za vifuniko vya pete: inchi-paundi 15 hadi 18, sawa na Nm 1.7 hadi 2. Ni kidogo kuliko watu wanavyodhani. Ukishika eleni kii kwa mkono mfupi, vidole viwili, unasimama inapoanza kugoma. Ukitumia mkono mrefu wa eleni kii umeshapita. Skrubu ndogo za besi kwenye risiva: kama inchi-paundi 20, Nm 2.2 hivi. Skrubu au nati inayobana pete kwenye reli inakwenda juu zaidi na kila kiwanda kina namba yake, hapo usikisie. Toki renchi ya magari haifai, namba yake ndogo kabisa tayari ni kubwa mno. Tafuta bisibisi ya toki.

Gundi ya nati, ile ya bluu inayofunguka kwa spana: tone moja kwenye skrubu za besi, ruksa. Kwenye vifuniko vya pete hapana. Gundi ikiwa mbichi inafanya kazi ya mafuta, skrubu inazunguka kirahisi, kwa hiyo toki ile ile inabana mrija kwa nguvu kubwa zaidi. Nyekundu isiingie nyumbani kwako kabisa.

Mrija uliobanwa kupita kiasi unajulikana kabla hata hujaufungua. Gurudumu la ukuzaji linakuwa gumu kwa sababu pete ya nyuma iko karibu nalo, au tareti unaipiga kliki nne msalaba hausogei, ya tano unaruka wote kwa mkupuo. Acha mm chache kati ya pete na nyumba ya tareti, na kati ya pete na gurudumu la ukuzaji.

---

Ilazo2

Mkuu Fila Geji, na jina lako hilo, zile fila geji za kupimia valvu zinatumikaje hapa? Nimeona watu wakizitaja.

---

Fila Geji

Nyumba ya tareti chini ni bapa kwenye darubini nyingi, na reli juu yake ni bapa. Unaingiza rundo la fila geji kati ya bapa mbili hizo mpaka linabana pande zote mbili, darubini inajinyoosha na reli. Unakaza huku rundo liko ndani. Ni njia ya haraka na nzuri kwa hatua ya kwanza. Masharti yake: reli iwe chini ya tareti hasa (CZ 550 ina shimo la risasi hapo, hakuna pa kulaza, labda uweke kipande cha chuma bapa kivuke kutoka reli ya mbele hadi ya nyuma), na msalaba ulingane na hilo bapa. Bado unamalizia kwa timazi.

---

Hombolo Juu

Darubini inazunguka yenyewe wakati wa kukaza. Unainyoosha, ukikaza upande mmoja inalala. Hili linatibiwaje?

---

Fila Geji

Mwendo wa kukaza ndio huu, na hapa ndipo subira inapohitajika kuliko vifaa.

Skrubu zote ziingie kwa vidole mpaka vifuniko viguse mrija bila kuubana. Darubini iweze kuzunguka na kusogea kwa mkono lakini isidondoke. Kwanza weka umbali wa jicho: ukuzaji wa juu kabisa, vaa nguo utakayopigia, beba bunduki begani macho yamefungwa, fungua. Ukiona kivuli cheusi pembeni sogeza darubini mpaka duara lijae. Darubini nyingi za kuwindia zinataka mm 90 hadi 100 kati ya kioo na jicho. Mwenye .375, ambayo teke lake ni kubwa, asipunguze hata kidogo, chuma cha nyuma kitamchora nusu duara juu ya nyusi.

Kisha nyoosha msalaba na timazi. Sasa kaza kwa msalaba: skrubu ya mbele kushoto robo ya mzunguko, ya nyuma kulia robo, ya mbele kulia, ya nyuma kushoto. Kila mzunguko ukiisha, chungulia timazi tena na utazame mwanya kati ya kifuniko na pete ya chini. Mwanya wa kushoto na wa kulia ulingane. Ukitofautiana, huo upande mwembamba ndio uliovuta darubini. Karatasi ya daftari ukiikunja inakupa kipimo kizuri, iingie pande zote kwa ugumu ule ule.

Ikilala, usiizungushe kwa nguvu wakati imebanwa nusu, utauchubua mrija. Legeza zote nne (au nane), nyoosha, anza upya na hatua ndogo zaidi, moja ya nane ya mzunguko. Zile pete za bei nafuu zinazong'ata kwa ulimi upande mmoja na skrubu upande mmoja zinazungusha darubini kila mara kwa umbo lake. Dawa yake ni kununua pete nyingine.

---

Mlowa Barabarani

Na kusaga pete kwa grainding pesti?

---

Fila Geji

Pete nzuri za CZ juu ya reli ya kuchongwa hazihitaji. Saga pale tu ambapo pete mbili hazipo kwenye mstari mmoja, ukajua kwa kulaza rodi ya chuma iliyonyooka ya mm 25.4 ikagusa ukingo mmoja ikaacha mwingine. Pesti ya valvu, laini, mizunguko michache, futa, tazama. Robo tatu ya uso ikishang'aa acha. Wanaosaga mpaka ing'ae yote wanaishia na pete kubwa kuliko mrija. Na pesti ikibaki hata chembe, itaendelea kusaga mrija wako kila risasi.

---

Kondoa Irangi

Kwa mwenye Mauser 98 ya zamani: tazameni vitu viwili kabla ya kununua darubini. Mpini wa bolti ya kijeshi unaponyanyuliwa unagonga kioo cha jicho, na bawa la usalama nyuma ya bolti nalo linagonga. Inabidi mpini upindwe na usalama ubadilishwe. Risiva yake haikutobolewa kwa ajili ya darubini. Kutoboa na kukata hesi kwenye risiva ni kazi ya fundi silaha mwenye kibali, sio drili ya mkono ya nyumbani. Skrubu ya mbele ikiwa ndefu kwa hesi moja tu, inagusa hesi za mtutu na besi haibani hata ukaze vipi, au inashuka mpaka kwenye njia ya bolti na bolti inagoma. Ukiona bolti imekuwa ngumu baada ya kufunga besi, anzia kwenye skrubu hiyo.

---

Ilazo2

Bunduki iliwekwa ziro Dar, imeletwa Dodoma. Mwinuko wa mita 1,100 unahamisha ziro?

---

Jiliwa

Hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya pwani, inaizuia risasi kwa nguvu pungufu, nayo risasi inashuka pungufu. Lakini mita 100 tofauti hiyo ni ndogo kuliko mkono wako. Ziro ya Dar ikihama sm 5 kwa mita 100 ikifika Dodoma, tafuta skrubu iliyolegea kwa kilomita 450 za mtikisiko, usitafute mwinuko. Ndiyo maana ukishakaza unaweka tone la rangi ya kucha, nusu juu ya skrubu nusu juu ya pete. Rangi ikikatika, umeshajua.

---

Chikuyu

Tumalizie na ziro, maana kufunga bila ziro ni nusu ya kazi. Kiwanja kiwe kilichoruhusiwa na nyuma ya shabaha kuwe na kichuguu cha udongo.

Bolti ikiwa nje, laza bunduki juu ya vigunia vya mchanga, chungulia ndani ya mtutu mpaka duara jeusi la mita 25 likae katikati ya tundu, kisha zungusha tareti msalaba uje pale pale bila kuitikisa bunduki. Hapo risasi ya kwanza itagusa karatasi. Mita 25 kliki moja ya robo MOA ni mm 1.8 tu, kwa hiyo kosa la sm 10 ni kliki 55. Watu wanazungusha kliki 10 halafu wanasema tareti mbovu.

Kisha mita 100, risasi tatu tatu, mtutu upoe kati ya makundi. Kliki moja hapa ni mm 7.3. Kitovu cha kundi kikiwa kulia sm 6, ni kliki 8 kushoto. Rekebisha kwa kitovu cha kundi, usikimbizane na risasi moja moja. Ukiona tareti ya pembeni imefika mwisho na risasi bado iko nje, usiilazimishe. Pete au besi haziko kwenye mstari wa mtutu, rudi kwa Fila Geji.

Mwenye uzi, karatasi yako ya mtihani iwe na mstari mrefu uliochorwa kwa timazi, sio kwa rula na ukingo wa karatasi. Piga tatu chini ya mstari, pandisha kliki 40, piga tatu ukilenga pale pale chini, pima.

---

Hombolo Juu

Vipimo: juu sm 29, kulia sm 2. Mtihani wa jiliwa bila risasi: kitovu kinashuka juu ya uzi mwanzo mwisho.

---

Jiliwa

2 kwa 29 ni karibu digrii 4, na darubini yenyewe ni nzima. Legeza vifuniko vya pete tu, usiguse sehemu inayong'ata reli, izungushe kushoto ukiitazama kwa nyuma mpaka ikae juu ya timazi, kaza kwa robo robo kama ulivyoelekezwa. Ziro itahama kidogo, usishtuke. Ukirudia karatasi, kundi la juu likiwa ndani ya mm 5 za mstari, paka rangi ya kucha uache.